Fremu ya Kumi na Tisa

Sajini wa mahabusu aliikung'uta bahasha mezani, akasoma orodha kwa sauti ya mtu anayehesabu viazi.

"Mkanda wa suruali, mmoja. Kamba za viatu, jozi moja. Funguo tatu. Leso. Martenitsa moja, ina nati."

"Ina nini?"

"Nati, Inspekta. Ya bolti. Hawa wa kiwandani mwaka huu hata Machi yao ina grisi."

Inspekta Stamena Gerova alitia saini bila kuinua macho. Yeye pia alikuwa na martenitsa yake kifuani, vishada viwili vya uzi, chekundu na cheupe. Sajini alikuwa nayo. Mji mzima wa Zheravino ulikuwa nayo, tangu Machi mosi, na hakuna ambaye angeivua mpaka amwone korongo angani au mti uliochanua. Ilikuwa tarehe kumi na tisa. Mplamu wa uani kwa polisi ulikuwa bado mkavu kama fimbo.

"Gari la gereza la mkoa linafika saa sita mchana," sajini alisema. "Ukitaka kumuuliza kitu, muulize sasa. Mkoani hawatoi watu. Wanatoa cheti cha kifo."

Ndani ya selo, Rangel Kutsarov alisimama alipomwona Gerova, mkono mmoja umeshika suruali isianguke. Alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha matofali ya tanuru, na ndiye aliyeongoza mgomo wa majira ya baridi. Alitaka kusalimia, kikohozi kikamtangulia, kikamkalisha tena.

"Umekuja kuniaga, dada?"

"Nimekuja kuuliza."

"Siku nane unauliza. Mimi nina jibu moja tu, nimeshalichosha."

Gerova aliweka picha juu ya benchi. Alikuwa ameitazama mara nyingi mno. Lango la masjala ya kiwanda, limepigwa kutoka ng'ambo ya kichochoro. Juu ya lango saa ya ukutani inaonyesha kumi na moja na dakika ishirini jioni. Kwenye dirisha, moshi wa kwanza. Na katikati ya giza la lango, ubavu ubavu, mwanamume mwenye koti jeupejeupe na kofia.

Hiyo ilikuwa Februari ishirini na sita. Ndani ya masjala ile ziliungua kadi za mapafu za wafanyakazi mia tano, picha zote za vifua tangu mwaka hamsini na nane, na pamoja nazo akaungua mzee Gatyo Vulkov aliyezitunza. Wiki mbili baadaye kiwanda kiliuzwa kwa wageni kikiwa safi, hakina mgonjwa hata mmoja. Sisi tunaokumbuka tunakumbuka pia miaka ile walipokuja wapima vumbi kutoka Sofia, na kila walipokuja mashine zilizimwa tangu asubuhi. Vumbi letu halikuwahi kuwepo. Sasa hata vikohozi vyetu havikuwepo. Na aliyeviunguza, kwa mujibu wa mashtaka, ni mtu aliyekuwa akizidai kadi hizo kwa kipaza sauti majira yote ya baridi. Eti alitaka kuitia hasara kampuni. Mtu akomoe jirani kwa kuchoma nyumba yake mwenyewe!

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Pua hii hakuna mwingine aliyeonewa nayo."

"Ulikuwa langoni?"

"Nilikuwa nyumbani nimelala. Nimetoka zamu ya usiku."

"Kwa hiyo ni wewe, na hukuwepo."

"Ndiyo hivyo. Kaiulize kamera."

"Evstati Pashov alikupiga picha lini mara ya mwisho?"

Pashov alikuwa mpiga picha wa kiwanda kwa miaka thelathini. Ndiye aliyeileta picha hii polisi.

"Machi nne. Vitambulisho vipya, kwenye klabu ya kiwanda. Tulipigwa wote."

"Kwa namna moja?"

Rangel alikuna kidevu. "Wenzangu aliwaketisha kwenye kiti, mbele ya ile kamera yake kubwa ya miguu mitatu. Ilipofika zamu yangu akasema kubwa imekwama. Akatoa kijikamera cha Kirusi mfukoni. Akanipandisha jukwaani na koti na kofia yangu, kwenye pazia jeusi, yeye akarudi nyuma mpaka safu ya tano ya viti. Geuka ubavu, ananiambia. Nikamwambia, mzee, unapiga kitambulisho au unapiga bata?"

"Akacheka?"

"Hakucheka. Na mzee Evstati hucheka hata mazishini."

"Kitambulisho ulikipata?"

"Walipata wote. Mimi nilipata pingu."

Gerova alichukua picha yake akatoka. Saa ya korido ilikuwa tatu kasoro kumi.

*

Chumba cha giza cha polisi kilikuwa chini kabisa, jirani na tanuri la kupashia jengo moto, na Minko, fundi wake, alikuwa na umri wa kustaafu mara mbili. Alikuwa amekwisha kuweka negativu, filamu iliyosafishwa, chini ya taa: kipande kimoja, fremu ya kumi na tisa mpaka ya ishirini na nne. Pashov hakuleta zaidi ya hicho.

"Mtaalamu wa Sofia kaandika kurasa nne," Minko alisema. "Haijakatwa, haijabandikwa, haijakwaruzwa. Kaandika vizuri. Kasema kweli yote na hajasema kitu."

"Kama uongo uliingia, uliingia kabla filamu haijagusa maji."

"Hebu sema tena, binti yangu, nikuoe."

"Mzee Minko, nina saa tatu."

Minko alifungua droo, akatoa kamera ndogo nyeusi ya plastiki, ndugu ya ile ya Pashov. Nusu ya Bulgaria ilikuwa nayo.

"Tazama. Hapa kwenye lenzi, unatega. Hapa, unafyatua. Na huku juu, mbali kabisa, ndiyo gurudumu la kuzungusha filamu. Havijuani. Kamera za wakubwa hukukatalia, hazitegi mpaka umezungusha. Hii haikatai kitu. Tega, fyatua, tega, fyatua, mara tano juu ya fremu ile ile. Mwaka sabini na nane nilimpiga mama mkwe, nikasahau kuzungusha, nikampiga na ng'ombe wa jirani. Hajanisamehe mpaka leo."

"Mama mkwe?"

"Ng'ombe."

Gerova aliichukua kamera, akaitega, akaifyatua. Mlio wake ulikuwa mdogo kama wa kiberiti.

"Lakini picha mbili zikipandana huonekana," alisema. "Ukuta ungepita katikati ya mwili wake. Angekuwa mzimu."

"Kama nyuma yake pana mwanga. Filamu, binti yangu, hushika mwanga tu, giza haishiki. Palipo na giza fremu bado ni tupu, inangoja. Lango lile ni tundu jeusi. Mweke mtu mbele ya pazia jeusi, mpige, atatua ndani ya tundu lile mzima mzima, na koti lake na pua yake. Pashov ndiye bwana wa mambo hayo mji huu. Hukumbuki kadi zake za mwaka mpya? Bomba la kiwanda limesimama kwenye kiganja cha mtoto?"

Gerova alikumbuka. Alikuwa na yake mwenyewe nyumbani, ya darasa la pili: Stamena wawili wameketi meza moja, mmoja anaandika, mwingine anamchungulia daftari. Pashov aliziba nusu ya lenzi kwa kadi nyeusi, kisha nusu ya pili. Darasa zima lilipiga makofi.

"Hilo ni wazo," alisema. "Nitafutie ushahidi."

Minko aliwasha mashine ya kukuzia, akaipandisha nguzoni mpaka juu, akatandika karatasi sakafuni kwa sababu meza haikutosha. Karatasi ilipoingia kwenye dawa, chini ya taa nyekundu, lango likaanza kutoka taratibu: mawe, kizingiti, viatu.

"Hapo," Gerova alisema. "Chini ya viatu."

Minko aliinama mpaka pua ikakaribia dawa. Juu ya mawe ya lango, hafifu kama mikunjo ya shuka, ilipita mistari minne iliyonyooka.

"Tangu lini," Minko aliuliza polepole, "lango la kiwanda likasakafiwa mbao?"

"Ni jukwaa la klabu."

"Taa ya jukwaani imegusa sakafu. Pazia hakulisahau, sakafu kaisahau."

"Na fremu hizi zilizofuata, ishirini mpaka ishirini na nne?"

"Tupu. Nalo limenikera. Pashov ni mtu wa kupiga mpaka kwenye mkia wa filamu, miaka yote ile filamu tulikuwa tunazipangia foleni. Leo anasafisha filamu ambayo nusu yake haijapigwa? Aliihitaji kumi na tisa. Aliihitaji haraka."

Gerova alipanda ngazi mbili mbili mpaka kwenye simu. Mwendesha mashtaka Haralampiev alimsikiliza akiwa anatafuna kitu.

"Mistari," alisema.

"Ya mbao, bwana."

"Mikwaruzo. Uchafu. Unyevu. Mwanasheria yeyote ataicheka, nami nitakuwa wa kwanza. Inspekta, mkurugenzi Todev wa kiwanda alikuwa hapa jana na wanunuzi. Watu wanataka kufungua kiwanda. Mji unataka kazi."

"Mzee Gatyo naye alitaka kitu, nadhani."

Kutafuna kulikoma. "Gari ni saa sita. Niletee kitu ambacho hata mimi siwezi kukikataa. Hukileti, yule anaondoka."

Kwa kifua kile, kifungo cha miaka ishirini alichokuwa akikabili kilikuwa maneno tu ya karatasini. Rangel asingemaliza mwaka wa pili.

Gerova alirudi chini. Minko alikuwa amekuza sehemu nyingine, kifua cha yule mtu langoni, imejaa karatasi nzima.

"Kuna doa," alisema. "Nilidhani ni vumbi, nikaifuta negativu, haikutoka. Nikadhani kifungo. Lakini kifungo gani kinakaa juu ya moyo?"

Juu ya koti jeupejeupe lilikuwepo doa jeusi lenye mkia, kama kiluwiluwi. Juu ya mkia, pete nene yenye pembe, na katikati ya pete tundu jeupe. Gerova aliweka lenzi ya kukuzia juu yake. Alihesabu pembe. Sita.

Gerova akaushika uzi uliokuwa kifuani pake mwenyewe.

"Mzee Minko. Februari ishirini na sita, wewe ulikuwa umevaa martenitsa?"

"Februari? Mimi nina kichaa? Hata kichaa havai kabla ya..." Aliishia hapo. Alitazama doa. Uzi mwekundu kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe hutoka mweusi. Uzi mweupe juu ya koti jeupe hauonekani.

Gerova alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

*

"Bahasha," alimwambia sajini. "Ifungue tena."

Nati ilikuwa kubwa kama kifungo cha koti, imeungua ikawa ya buluu upande mmoja. Uzi mwekundu na mweupe ulipita ndani yake. Aliishika kwa leso akaenda nayo mpaka kwenye dirisha la mlango wa selo.

"Rangel. Hii nani alikupa?"

"Wanawake wa tanuru ya tatu. Walitufungia wote, watu mia tano. Kwa nini?"

"Lini?"

"Walizifunga Februari ishirini na nane, wakatuvalisha Machi mosi pale getini. Kabla ya hapo zisingeweza kuwepo."

"Kwa nini zisingeweza?"

Rangel alimtazama kana kwamba ameulizwa jua linachomoza wapi.

"Kwa sababu nati zenyewe zimetoka kwenye rafu, dada. Rafu za chuma za kadi zetu. Zilipoanguka motoni bolti zikafyatuka. Wanawake waliziokota kwenye majivu, pale alipolala mzee Gatyo. Ndiyo maana tumezivaa."

*

Duka la Evstati Pashov lilikuwa karibu na posta. Mlangoni palikuwa pamebandikwa tangazo la kifo cha Gatyo Vulkov, lenye msalaba mweusi na picha, na picha hiyo alikuwa ameichapa Pashov mwenyewe. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

Mzee alikuwa anakata pembe za picha za harusi. Aliona ni nani, akaendelea kukata.

"Karibu, Stamena. Kahawa?"

"Kamera ya Kirusi, mzee. Ile ndogo."

"Nimeshaeleza yote, niliandika, nikatia saini."

"Uliandika ulipiga kutoka ng'ambo ya kichochoro, Februari ishirini na sita, picha moja. Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Todev aliniita nipige bango jipya la kampuni. Kwa ajili ya wageni. Nikaona moshi, nikapiga. Mtu yeyote angepiga."

"Halafu hukuzungusha filamu."

Mkasi ulisimama.

"Wewe huzungushi mpaka kabla ya picha inayofuata," Gerova alisema. "Ulitufundisha shuleni. Ukizungusha mapema, filamu inalegea kwenye baridi. Kwa hiyo siku zote zile fremu ya kumi na tisa ilikuwa bado imekaa nyuma ya lenzi. Machi nne ukampandisha Rangel jukwaani, ukatega, ukafyatua tena. Hukuhitaji hata kurudisha nyuma."

"Hadithi nzuri. Sofia wamesema negativu ni nzima."

"Ni nzima. Wewe ni fundi."

"Basi."

Gerova aliweka karatasi ya kwanza mezani. "Mbao za jukwaa."

Pashov alivaa miwani, akatazama, akaivua. "Mikwaruzo."

"Hata Haralampiev kasema hivyo." Akaweka karatasi ya pili. "Na hii?"

"Doa."

"Chukua lenzi yako, mzee. Huna haraka, mwenye haraka ni mimi."

Alichukua lenzi. Alitazama kwa muda ambao gari la maziwa lilipita nje, likasimama, likaondoka. Gerova akaifungua leso juu ya picha. Nati iligonga meza.

"Saa kumi na moja na dakika ishirini," alisema, "kwa saa ya picha yako, nati hii ilikuwa bado imeshikilia rafu ndani ya masjala. Moto haujaifikia. Mzee Gatyo bado anapumua kando yake. Niambie ilitokaje mle ndani ikaja kuning'inia kwenye kifua cha Rangel pale langoni."

Mkono wa Pashov ulipanda wenyewe kwenye ukosi wa koti lake, ukaugeuza. Chini ya ukosi, upande wa ndani, ilining'inia nati kama ile, na uzi mwekundu na mweupe.

"Na mimi walinivalisha," alisema. "Getini. Mama Tsona wa tanuru ya tatu alinifunga kwa mkono wake. Siku ile nampiga picha Rangel nilikuwa nayo kifuani, hivi, nje kabisa." Alikohoa. Kikohozi kilikuwa kile kile cha selo, kikavu, cha vumbi. "Kila mtu alikuwa nayo. Kitu kilicho kwa kila mtu hukioni, Stamena. Miaka thelathini natazama kwa jicho moja, na sikukiona."

"Todev alikuahidi nini?"

"Ahadi?" Alicheka, na kicheko hakikufika popote. "Zamani tulikuwa ndugu, ndugu Todev alinitisha kwa chama. Sasa tumekuwa mabwana, bwana Todev ananitisha kwa nyumba. Nyumba ni ya kiwanda. Mke wangu hatembei. Akasema, mzee, wewe si ndiye unayeweka mabomba kwenye viganja vya watoto? Niwekee mtu mmoja tu langoni."

"Na kadi yako ya mapafu ilikuwa wapi?"

"Rafu ya P," Pashov alisema. "Mzee Gatyo alikuwa ananisomea kila mwaka. Ananiambia, Evstati, acha kuingia tanuruni na kamera."

Saa ya ukutani iligonga robo. Gerova akasukuma karatasi tupu na kalamu upande wa pili wa meza.

"Gari ni saa sita. Andika tarehe kwanza, jina baadaye. Kama mkono unatetemeka andika kubwa."

Aliandika. Aliandika ukurasa mmoja na nusu, akatia saini, akakunja vidole vyake kama mtu aliyetoka kubeba. Gerova alisoma mstari kwa mstari, akaweka kidole mahali pamoja.

"Mzee. Umekata filamu sita sita, kama kawaida. Kumi na tisa mpaka ishirini na nne ulitupa sisi. Kumi na tatu mpaka kumi na nane iko wapi?"

"Todev aliiuliza pia. Nilimwambia imeungua kwenye dawa."

"Mimi siulizi ulimwambia nini."

Pashov aliinuka. Alikwenda mpaka ukutani, walipokaa wafanyakazi bora wa miaka yote ndani ya fremu za mbao, na akamshusha mmoja: Gatyo Vulkov, mwaka sabini na nne, nywele zimelowekwa maji, nishani kifuani. Akageuza fremu, akang'oa misumari miwili midogo kwa ncha ya mkasi. Nyuma ya picha, ndani ya karatasi ya mafuta, kilikuwepo kipande cha filamu.

"Nilipiga mbili," alisema. "Todev aliponiona nimeinua kamera alidhani napiga bango."

Gerova alikiinua kipande mpaka kwenye dirisha. Fremu ya mwisho, ya kumi na nane. Lango lile lile, kila kitu kimegeuzwa, cheupe cheusi, cheusi cheupe. Saa: kumi na moja na dakika kumi na nane. Moshi bado ni uzi mwembamba. Mbele ya mlango wa masjala amesimama mtu wa makamo, kofia ya manyoya, tumbo, mkono mmoja kwenye kitasa na mwingine kwenye tundu la funguo. Mawe chini ya miguu yake yalikuwa mawe. Kifuani hakuwa na kitu.

Kwenye kidirisha cha mlango, upande wa ndani wa kioo, kilionekana kiganja kimoja kimefunguka, cheusi kwenye filamu.

"Mlango ule huwa unafungwa kwa ndani," Pashov alisema nyuma yake. "Siku ile tu ndiyo niliona ukifungwa kwa nje."

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Gerova aliweka kipande cha filamu ndani ya leso, pamoja na nati, akainua mkono wa simu ya dukani, akaomba aunganishwe na mahabusu kwanza, kisha na Haralampiev.